Walimsifia Mwanangu Mashavu, Kumbe...!

Nina miaka ishirini na tisa. Ni mzaliwa wa Mbugangari, hapa Gisenyi, Rwanda, binti wa fundi cherehani. Nauza sambaza, wale dagaa wadogo wa Ziwa Kivu, nawachukua ufukweni asubuhi na kuwavusha mpaka hadi Goma, Kongo, kwa beseni kichwani. Nilikuwa na mtoto mmoja tu. Jina lake Salima.

Wasomaji wenzangu, wengi wanaosimulia mikasa yao huomba pole. Mimi sitaki pole! Nimepewa pole za kutosha, na waliozitoa walikuwa wanatafuna pilau. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii nisipoitoa itanimaliza. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mfanye ninachowaomba.

Mume wangu alikuwa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Salima alipozaliwa watu wote wakamwita Papa Salima, nami nitamwita hivyo hapa, ingawa jina hilo silioni kama ni halali yake tena. Hakunywa pombe. Hakuvuta sigara. Hakuwahi kuniinulia mkono, na Ijumaa hakukosa msikitini. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza alininong'oneza kwamba nimeokota dhahabu.

Dhahabu! Laiti angelijua... Ugonjwa wa bwana huyu ulikuwa mmoja, nao haukuonekana kwa macho. Alipenda kusifiwa. Sifa kwake ilikuwa chakula, na kwa ajili ya chakula hicho alikuwa tayari wengine wote wakose chao.

Nyumbani tulikula mlango umefungwa. Huku kwetu ndivyo tunavyolelewa. Kula mbele za watu ni kukosa adabu, na kumuuliza jirani mtoto wake amekula nini ni tusi, atakununia mwaka mzima. Kila nyumba na chungu chake. Ukishiba ni siri yako, ukilala njaa ni siri yako pia. Zamani niliona hiyo ni heshima. Leo nikipita mahali nikaona mlango umefungwa saa ya chakula natamani kuupiga teke.

Na nyuma ya mlango wetu tulikula nini? Wali. Wali na chai ya sukari. Papa Salima hakutaka kitu kingine, maana alisema ndicho chakula cha watu wa mjini. Viazi vitamu ni vya washamba. Maharage ni ya wanafunzi wa bweni. Dodo, yaani mchicha, yale majani mazuri yanayoota hata kando ya mtaro bila kupandwa na mtu, aliyaita chakula cha mifugo.

"Mutoto wangu hawezi kula majani kama mbuzi ya Nyundo," alikuwa akisema. Na yeye mwenyewe kazaliwa Nyundo, kijiji cha kule kilimani!

Tukishanunua mchele, cha kununulia kitoweo hakikubaki. Basi tulikula wali mtupu, na asubuhi yeye alitoka nje akichokoa meno kwa kijiti ili majirani wadhani tulikula nyama. Siwatanii. Nyama gani? Hata mfupa haukuwepo!

Mimi mwenyewe nilivumilia. Lakini kwa Salima nilikataa. Hata siku moja sikwenda Goma kabla sijamtengea mwanangu sambaza. Mitumbwi ikirudi ufukweni nilichagua zile freshi zinazong'aa, nikarudi nyumbani mbio, nikazikaanga. Chumvi kidogo, limau kidogo. Pilipili sikuweka hata chembe, maana ni za mtoto. Nilizitia kwenye kibakuli chenye mfuniko wa bluu na kumkabidhi Zuena.

Zuena ni wifi yangu. Alikuwa ameachika akaja kuishi kwetu, akawa anabaki na mtoto mimi nikiwa sokoni. Kila asubuhi nilimwambia maneno yaleyale: hizi ni za Salima, za Salima peke yake. Naye aliitikia ndiyo wifi, huku akiangalia pembeni. Niliporudi jioni, miguu inawaka moto kwa foleni ya mpakani, nilikuta kibakuli kimeoshwa na kufunikwa. Mtoto amemaliza zote! Moyo wangu ulijaa furaha, nikasahau uchovu.

Kisha mtoto akaanza kunona...

Mashavu yalijaa yakawa mviringo. Miguu ikawa minene, ikameta. Mtaa mzima ulishangilia. Wanawake walinisimamisha njiani. "Ee Mama Salima, mutoto iko na mashavu! Iko anakula muzuri!" Nywele zake zikapoteza weusi, zikawa laini na rangi kama ya kahawia, wakasema ana nywele za kizungu. Ngozi ikaanza kupauka, wakasema atakuwa mweupe, mahari yake haitakuwa ndogo. Akaacha kukimbia, akaacha kulia, akawa anakaa tu mahali ulipomweka... wakasema mtoto gani mpole hivi, jamani, umebarikiwa!

Mimi nilipiga vigelegele moyoni. Papa Salima ndiye aliyezidi. Alimweka mtoto mbele yake kwenye pikipiki akamzungusha mtaani taratibu, kama mtu anayetembeza kombe la mpira. Kituo chake cha mwisho kilikuwa kibanda cha chai karibu na msikiti, ambapo wenzake walikaa kutwa wakisubiri abiria. Pale alisifiwa mpaka akavimba yeye pia.

Najua mnachotaka kuuliza. Wewe mama, hukuona? Niliona! Niliona kwa macho mawili, kama mnavyoona ninyi, na kila nilichokiona mtaa mzima uliniambia ni afya. Nani kati yenu amewahi kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu amenona? Mtu asije kunitwika mimi mzigo huu. Nimekwisha kuubeba vya kutosha, na wenyewe wapo.

Karibu na kwetu anaishi Mama Eric, mshauri wa afya wa mtaa. Yeye ndiye anayesimamia igikoni cy'umudugudu, jiko la kijiji. Akina mama hukusanyika uani, huyu na karoti, yule na dodo, mwingine na maharage, wanapika chungu kimoja na kuwalisha watoto wote hadharani. Alinialika mara nyingi. Nilipomwomba ruhusa mume wangu, alikuja juu.

"Kule wanaenda wenye shida," alisema. "We unataka watu waseme nimeshindwa kulisha mutoto wangu? Huyu mutoto na mashavu yake?"

Basi sikwenda. Hadi ziwa lilipofungwa.

Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane. Mitumbwi ilifungwa, sambaza hakuna, nami sikuwa na biashara. Nikabaki nyumbani. Siku ya jiko la kijiji ilipofika, Papa Salima alikuwa kazini, nami nikachoka kukaa ndani. Nilichuma dodo kando ya mtaro, nikambeba Salima mgongoni, nikaenda. Nakiri nilikwenda kwa maringo. Nilitaka waone mtoto anavyotunzwa!

Nilimshusha kwenye mkeka. Mama Eric akamwita, mtoto hakuinua uso. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mguu, akabonyeza kidole gumba juu ya unyayo na kusubiri kidogo. Alipokiondoa, shimo lilibaki palepale. Shimo! Kwenye nyama ya mwanangu, kama umebonyeza ugali. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo.

Wanawake wote walisogea kutazama. Ndipo Mama Eric akauliza lile swali ambalo kwetu haliulizwi.

"Mama Salima, huyu mutoto uko unamulisha nini?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba mwanangu anakula sambaza kila siku ya Mungu ziwa likiwa wazi, nazikaanga kwa mikono yangu. Mama Eric alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Mutoto wa sambaza hawezi kuwa hivi," alisema polepole. "Hajanona huyu, Mama. Amevimba. Ni njaa. Mupeleke sasa hivi kwa muganga wa hospitali, usiingie hata nyumbani."

Njaa? Mwanangu? Nilitaka kumtukana. Lakini lile shimo mguuni lilikuwa bado halijajaa...

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwanza kwenye kibanda cha chai kumfuata mume wangu, atupeleke kwa pikipiki. Nilimkuta ameketi katikati ya wenzake. Kabla sijafungua kinywa, walinipokea kwa shangwe.

"Karibu shemeji! Ziwa wamefunga, sisi hapa tutakufa!"

Sikuelewa. Nikauliza ziwa linawahusu nini.

"Si sambaza yako, shemeji! Papa Salima anatuletea kila siku saa sita. Huyu mutu ni mukarimu, kweli! Iko tamu, haina mufano." Aliyesema hivyo ni dereva mmoja mnene, anayejulikana kwa utani. Akaramba vidole vitupu kunichekesha. "Kitu moja tu, bon, uweke pilipili kidogo. Unapika kama ya batoto!"

Wakacheka wote.

Jamani... Niseme nini? Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akitazama kikombe chake cha chai. Hakusema wananisingizia. Hapo ndipo nilipoona kila kitu kwa mara moja: kibakuli kilichooshwa, Zuena anayeangalia pembeni, mashavu, nywele za kizungu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo hiyo nilikuwa naifua na kuipiga pasi.

Nilimshusha Salima nikamweka juu ya meza, katikati ya vikombe vyao. Nilishika mguu wake nikabonyeza kidole gumba. Nikakiondoa. Nikawaambia watazame vizuri, kwa maana sikupika kama ya watoto, ilikuwa ya mtoto! Huyu hapa! Mlikuwa mnakula mguu huu!

Yule mnene alianza kuapa kwamba hawakujua, na ninaamini hawakujua. Nani angeuliza? Kwetu chakula hakiulizwi kimetoka kwenye mdomo wa nani. Mume wangu alinishika mkono akasema chini kwa chini, "Mama Salima, usinitie haya mbele ya watu." Haya! Mtoto anakufa, yeye anaona haya mbele ya wanywa chai!

Sikumngoja. Motari mwingine alitupakia bila kudai nauli, akatufikisha hospitali.

Tulilazwa. Muuguzi aliniambia wazi kwamba mtoto ana nafasi ya kupona, lakini nisimpe kitu chochote isipokuwa maziwa maalumu wanayompimia wao, kidogokidogo. Tumbo lake limesahau kazi, alisema, ukilijaza chakula kingi ghafla litamuua. Nikashika maneno hayo kama sala.

Zuena alikuja kutuona. Alilia hata kabla hajaketi. Alisema kaka yake alikuwa akifika mchana, anachukua kibakuli, anakirudisha kitupu, na mtoto anapewa wali na chai. Alimwambia akifungua mdomo atamrudisha kijijini. "Ni kwake ndiko ninakula, wifi. Nilikuwa niseme nini?" Nilimfukuza siku ile. Sijamsamehe hadi leo. Ila namwelewa, na kumwelewa kwenyewe kunaniudhi, kwa sababu na yeye alikuwa mwanamke anayekula kwa ruhusa.

Maziwa yakafanya kazi. Uvimbe ukaanza kushuka... na uvimbe ulipoondoka, nikamwona mwanangu wa kweli. Mbavu. Magoti makubwa kuliko mapaja. Mikono kama vijiti vya mshikaki. Nililia, lakini muuguzi aliniambia nifurahi, hivi ndivyo alivyokuwa siku zote chini ya maji yale yaliyomvimbisha. Na kweli, asubuhi moja Salima alinyoosha mkono akavuta kitenge changu. Akalia! Alilia kwa hasira akitaka maziwa yake, mtoto ambaye kwa muda mrefu hakuwa na hata nguvu ya kulia. Sauti ile tamu bado naisikia.

Siku hiyohiyo baba yake alikuja.

Alisimama mlangoni akamtazama, uso ukabadilika. Wenzake walikuwa wameanza kumsema mtaani, na sasa mtoto wake wa mashavu amekuwa mifupa mitupu. Akaniambia hospitali inamkondesha mtoto. Nikamweleza yote ya maji, maziwa, tumbo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akanena kwa upole, ule upole wake uliomdanganya mama yangu, "Umechoka. Enda ufue nguo, mi nitabaki na mutoto."

Ni baba yake. Nilikwenda kufua.

Niliporudi na ndoo, kitanda kilikuwa kitupu. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akinyonyesha, alisema baba amemtoa mtoto nje kuota jua, amemfunika kwa koti. Nilizunguka uwanja mzima nikiita jina lake. Pikipiki haikuwepo.

Nilijua alikokwenda. Nyundo, kwa mama yake! Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, nikamsihi dereva apandishe kilima bila kupunguza mwendo. Nilipofika nilikuta mlango umefungwa. Mlango umefungwa, wasomaji, kwa sababu walikuwa wanakula! Niliusukuma kwa bega.

Salima alikuwa mapajani mwa bibi yake. Mbele yao sinia la wali na nyama. Safari hii alinunua nyama, mwanamume yule! Mama mkwe aliniangalia akitabasamu, mzee wa watu, hajui kitu. "Angalia amekula vizuri. Amemaliza sahani!" Na Papa Salima, akifuta mikono, akasema kwamba baada ya siku chache mashavu yatarudi, watu watanyamaza.

Watu watanyamaza...

Nilimnyakua nimrudishe hospitali, lakini kabla hatujaondoka alianza kutapika. Kisha kuharisha. Kisha mikono na miguu ikapoa, nami nikaisugua, nikaisugua. Tulishuka kwa pikipiki kurudi hospitali, yeye anaendesha, mimi nyuma, Salima katikati yetu kifuani kwangu. Kwenye mteremko ule unapoanza kuliona ziwa, niliuona uzito wake umebadilika. Mama yeyote aliyembeba mtoto anajua ninachosema. Yebabawe! Nilimwambia dereva wangu, mume wangu, apunguze mwendo, hakuna haraka tena.

Tulimzika. Na siku ya hitma Papa Salima alifanya jambo alilolijua kuliko yote. Alichinja mbuzi.

Mtaa mzima ulikuja. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Wanawake tulikuwa ndani, wanaume uani, na kupitia dirishani niliona sinia zikipita kwao. Wali, nyama, limau... na pilipili. Hawakusahau pilipili. Nikamsikia mgeni mmoja, mtu wa heshima zake, akisema huku ananyonya mfupa, "Papa Salima, kwa kulisha watu hauna mwenzako."

Na mume wangu akatabasamu. Niliona kwa macho yangu. Kidogo tu, akainamisha kichwa haraka, lakini alitabasamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akatia maji miguuni mwa mtoto wake, na hata kaburi bichi halikumponya!

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na kile kibakuli chenye mfuniko wa bluu mkononi, nikapita katikati ya wanaume ambako mwanamke hapiti, nikakiweka juu ya sinia lake la pilau. Nikawauliza: ni nani hapa hajawahi kula sambaza za mwanangu? Ajitokeze aendelee kula. Mikono ilisimama hewani. Hata sheikh alishusha tonge lake.

Nilitoka na nguo nilizovaa. Talaka nilidai nikaipata. Yeye bado yuko kwenye kibanda kilekile cha chai, na nasikia bado anawanunulia watu mandazi. Wapo wanaosema nilimdhalilisha mwanamume mwema mbele ya wageni. Na waseme! Pombe ingekuwa afadhali, maana mlevi angalau watu humshuku. Mkarimu, nani anamshuku?

Ziwa limefunguliwa na kufungwa tena tangu wakati ule. Naendelea kuuza sambaza. Siku ya jiko la kijiji siendi Goma. Nakaanga kikaango kizima bila pilipili, nakipeleka uani kwa Mama Eric, na watoto wanakula mbele ya macho yangu hadi mkono wa mwisho utoke kwenye sahani. Dodo nachuma palepale kando ya mtaro, bure, kama yalivyokuwa bure siku zote.

Sasa ombi langu. Dada zangu, ukiona mtoto amenona ghafla na hachezi, usimpigie vigelegele. Mbonyeze mguu. Chakula unachokiacha kwa ajili ya mtoto, hakikisha kimeingia kwenye kinywa cha mtoto, siyo kwenye maneno ya aliyebaki naye. Na ninyi kaka zangu mnaoletewa kitu kitamu kijiweni, kabla hamjanyoosha mkono ulizeni ni cha nani nyumbani.

Na lile swali la aibu, lile tusi... ulizeni! Muulize jirani, muulize dada yako, niulize hata mimi. Mimi naliuliza kila siku sokoni, foleni ya mpakani, popote ninapoona mtoto mgongoni. Wengine hunisonya. Wengine huniita kichaa cha Mbugangari. Laiti kichaa mmoja angeniuliza mimi mapema!

Basi nakuuliza na wewe unayesoma hapa, usinifungie mlango. Mtoto wako leo amekula nini? Ulimwona akila?